Mzee Methusela Alisema Mbili

Anayetaka kujua mwanaume anavyoweza kuuawa na heshima yake mwenyewe, aende Hombolo akaulize habari za mzee Methusela Chilongani. Wataanza kwa kumsifu. Watasema alikuwa mkulima hodari wa zabibu, hakuwahi kukosa kanisani, na kwamba alikufa kiume. Hayo mawili ya kwanza ni kweli. Hilo la tatu aende akamwulize binti yake, Loisi, anayepika kwenye jiko la chuo pale pale Hombolo. Loisi si mtu wa kumumunya maneno, na kwa jambo hili hana hata chembe ya subira.

Loisi ndiye aliyemkuta shambani. Ilikuwa saa sita mchana, mwezi wa nne, naye alikuwa anampelekea baba yake uji kwenye mizabibu. Aliita mara mbili, kimya. Akapita mstari wa kwanza, akapita wa pili, na kwenye wa tatu akamwona. Mzee alikuwa amepiga magoti, amekumbatia nguzo ya kufungia waya, kofia yake ameisokomeza yote mdomoni. Alikuwa analia ndani ya kofia ile. Mabega yalikuwa yanatikisika na makamasi yanamtoka kama mtoto, mtu mzima wa miaka sabini na moja.

Loisi alirudi nyuma kinyumenyume mpaka mwanzo wa shamba. Akakohoa, akaanza kuimba kwa nguvu ili asikike kwamba ndiyo kwanza anafika. Alipoingia tena, baba yake alikuwa ameketi chini, kofia kichwani, ukingo wake umelowa mate.

"Shikamoo baba. Ulikuwa unafanya nini huku?"

"Marahaba. Naangalia mchwa," alisema mzee. "Mwaka huu wametuvamia."

Mchwa gani? Pale palikuwa na saratani ya tezi dume. Madaktari wa mjini waliigundua mwaka uliopita, ikiwa imeshatoka kwenye tezi na kuhamia kwenye uti wa mgongo na nyonga. Walimpa sindano za kuipunguza kasi na panadol za maumivu, wakamwambia akizidiwa arudi. Sasa nani wa kusema amezidiwa, ikiwa mwenyewe kila akiulizwa anajibu hajambo?

Na hakuwa anajibu hivyo kwa bahati mbaya. Alikuwa amefundishwa. Methusela alitahiriwa akiwa na miaka kumi na miwili, yeye na wavulana wengine saba, kwenye jando moja. Ganzi haikuwapo. Kijana akikatwa, wenzake walimtazama usoni, na ole wake akunje uso au afumbe jicho, kwa sababu habari yake ingemfuata maisha yake yote, wangeambiwa wakwe na wangeimbiwa watoto wake. Methusela hakukunja. Walisimulia kwamba hata inzi aliyemtua mdomoni hakumfukuza. Tangu siku hiyo wale wanane walipendana kuliko ndugu wa tumbo moja, na wakaishi miaka yote wakichungana nani atalegea.

Loisi alikua akiyasikia hayo. Aliyajua kama anavyojua jina lake. Ndiyo maana kosa alilokuja kulifanya baadaye linamkera mpaka kesho.

Pale mjini Dodoma kulikuwa na hospitali yenye kliniki ya maumivu, siku ya Alhamisi, kila baada ya wiki mbili. Loisi aliomba ruhusa kazini, akakodi Noah ya jirani, akatandika godoro nyuma, akamlaza baba yake. Barabara ile ina mashimo yake. Kila shimo mzee alikuwa anasema, "Mvua zimeharibu sana barabara," kwa sauti ya mtu anayezungumzia habari za nchi.

Walipokewa na muuguzi anayeitwa Jenifa, binti wa miaka ishirini na kitu, mpole.

"Shikamoo babu. Nieleze hayo maumivu yakoje," alisema Jenifa. "Yapo yanayouma kama jino bovu, yamekaa hapohapo hayatoki. Hayo mara nyingi ni ya mfupa. Yapo yanayowaka kama pilipili, au yanapiga shoti kutoka kiunoni mpaka unyayoni. Hayo ni ya mishipa ya fahamu, na dawa yake ni nyingine. Wako wengine wanayo yote mawili. Wewe unayo yapi?"

Mzee alimtazama Loisi, akautazama ukuta.

"Ya uzee," alisema.

Jenifa akatoa kadi ndefu yenye namba. Akamweleza kwamba sifuri ni mtu asiyeumwa kabisa, na kumi ni maumivu ambayo hayana mengine ya kuyazidi. Akamwomba aoneshe kwa kidole. Kile kidole kigumu cha kukatia matawi kilitoka pale sifuri, kikasogea polepole, kikasimama kwenye mbili.

"Baba," alisema Loisi. "Mbili ndiyo ya kula kofia?"

"Kofia ipi?"

"Muuguzi, usiandike. Baba yangu anadanganya."

Jenifa aliweka kalamu chini. "Dada, maumivu ni yale anayoyasema mgonjwa mwenyewe. Ndivyo tulivyofundishwa. Zamani watu walikuwa wanalalamika wanaambiwa wanajifanya, wanarudishwa nyumbani wanaumwa. Kwa hiyo sisi tunamwamini mgonjwa."

Utaratibu mzuri kabisa huo, na aliyeutunga bila shaka alikuwa mtu wa huruma. Ila hakuwafikiria watu kama mzee Methusela. Daktari alisoma mbili kwenye karatasi, akaandika panadol na dawa ya misuli, akaita mgonjwa mwingine. Kulikuwa na mofini ya maji, dawa ya kunywa iliyotengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye hasa, lakini mofini haianzishwi kwa mtu wa mbili.

Njiani Loisi alinuna, akafikiri, na akajiona ameelewa. Mzee aliona aibu kwa sababu yake. Ugonjwa wenyewe uko huko ulipo, na baba gani ataeleza habari za huko mbele ya binti yake? Alihitaji mwanaume wa kukaa naye mle ndani, mtu ambaye mzee hamfichi kitu. Na mtu huyo alikuwepo, nyumba ya tatu kutoka kwao. Kati ya wale wanane wa jando walikuwa wamebaki wawili tu, Methusela na Bartolomayo.

Mzee Bartolomayo alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe zamani, mrefu, mwenye maneno mengi na utani. Loisi alimfuata nyumbani kwake akamweleza yote, mpaka habari ya kofia.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," alisema Bartolomayo. "Siku ile ya kisu mimi ndiye niliyesimama kushoto kwake. Atanificha nini mimi?"

Loisi akamshukuru. Akampelekea hata kuku.

Alhamisi ya pili alikaa nje kwenye benchi, wazee wawili wakaingia. Ilipita nusu saa. Mlango ulipofunguliwa, wa kwanza kutoka alikuwa Bartolomayo, anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Umezaliwa na mwanaume, Loisi. Yule binti katoa kadi yake, baba yako kasema sifuri. Nikamwambia, mjukuu wangu, huyu hata kisu hakumtikisa, sembuse mgongo."

Nyuma yake alikuwa Methusela. Kola ya shati ilikuwa imelowa jasho, na macho yake hayakumtafuta binti yake.

Sasa Loisi, nimeshasema, hana subira. Pale pale kwenye korido, mbele za watu, alimpasulia mzee mwenye umri wa baba yake. "Baba mkubwa, nilikuleta aseme. Sikukuleta umchunge." Watu waligeuka. Bartolomayo akaangalia pembeni kama hakuambiwa yeye. Jenifa akatoka, akamshika Loisi mkono, akampeleka kwenye kona.

"Nimemwona," alisema Jenifa. "Alipopanda kitandani alikamata chuma mpaka mkono ukatetemeka. Nikamweleza daktari. Lakini daktari ana watu arobaini, anasoma namba, na namba ni sifuri. Wiki mbili zijazo mlete peke yake. Wewe usiingie, na yule mzee asiingie. Sitamwuliza namba tena. Nitamwuliza anavaaje viatu, anageukaje kitandani, jana alikula nini. Hapo haoni kama analalamika, ataniambia tu."

Yaani ilikuwa rahisi namna hiyo. Loisi alitamani kukaa chini pale pale sakafuni.

Hizo wiki mbili mzee hakuzimaliza akiwa amesimama. Siku ya tisa miguu iligoma, akalala chali, akawa hageuki bila kushikwa na watu wawili. Ukimshika alikuwa anasema, "Taratibu, nimelala vibaya jana." Alhamisi ilipofika Loisi alikwenda mjini peke yake. Alisimama mbele ya daktari akamsimulia kila kitu, kofia, nguzo, mchwa, jando, bila kuvuta pumzi, na Jenifa akiwa pembeni anaitikia. Daktari akaandika mofini. Dirisha la dawa likamwambia imekwisha, arudi Jumatatu. Jumatatu ikawa Jumatano.

Alipofika nyumbani na chupa yake, alimkuta baba yake mdogo, Abeli, ameketi mlangoni.

"Nimesikia umeleta mofini," alisema Abeli. "Si ndiyo wanayojidunga mateja? Unataka kaka yangu afe teja?"

"Baba mdogo, mtu hawezi kugeuka kitandani. Ataamka akaibe simu ya nani?"

Abeli hakucheka. Aliita kikao cha ukoo, na kikao kikala siku nzima. Wengine walisema mofini ni dawa ya watu waliokatiwa tamaa, ukimpa mgonjwa ndiyo umemuaga. Mwingine akasema ingezoeleka mwilini, halafu akipona itakuwaje? Akipona. Loisi aliwaacha wanazungumza, akaingia chumbani, akapima dawa kama alivyoelekezwa, akamnywesha.

Ilichukua kama saa moja. Loisi hakuwa amejua kwamba mabega ya baba yake yalikuwa yamepanda mpaka alipoyaona yanashuka. Uso ukalegea. Mzee alilala usingizi, usingizi wa kukoroma, na alipoamka aliomba ugali wa uwele na mlenda, akala sahani nzima.

"Kumbe mtu anaweza kukaa hivi tu," alisema, "bila kufanya kazi ya kukaa."

Loisi alijikaza asilie. "Baba, siku ile ya kadi. Kwa kweli ilikuwa ngapi?"

"Zile namba zao zilikuwa chache."

"Sasa mbona ulisema sifuri?"

Mzee alimtazama kwa mshangao, kana kwamba ameulizwa kwa nini watu hutembea wamevaa nguo. "Bartolomayo alikuwa amekaa pale," alisema.

Dawa ilikuwa ya kunywa kila baada ya saa nne. Siku mbili mambo yalikwenda vizuri. Siku ya tatu, saa mbili na nusu asubuhi, Bartolomayo alikuja kumjulia hali mwenzake. Aligonga, na kabla hajaingia Methusela alimnong'oneza binti yake, "Ficha chupa." Loisi akaificha ndani ya kanga yake. Muda wa dawa ulikuwa saa tatu.

Bartolomayo alivuta kiti, akakaa. Akaanza habari za ng'ombe wa zamani na minada ya zamani. Saa tatu ikafika. Loisi alisimama mlangoni, chupa ameizungushia kanga, akamwonesha baba yake. Mzee akatikisa kichwa. Saa tatu na nusu Loisi akaingia akasema mgonjwa apumzike. Bartolomayo akasema ndiyo, ndiyo, na hakuinuka. Saa nne akamwambia wazi, "Baba mkubwa, tunaomba utupishe kidogo," na Methusela mwenyewe ndiye aliyejibu kutoka kitandani, "Mwache mwenzangu, tunazungumza." Jasho lilikuwa linamtiririka. Alikuwa ameing'ata midomo mpaka imechanika.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Loisi hujiuliza hilo kila anapokoroga sufuria za chuo. Angeweza kumkamata baba yake kidevu akamnywesha kwa nguvu, mbele ya Bartolomayo, amvue nguo mbele ya mtu aliyesimama kushoto kwake. Hakufanya hivyo. Alisimama mlangoni kama mjinga. Saa tano na robo mzee Methusela alikata roho, macho wazi, kimya, na dawa yake iko hatua nne kutoka kitandani.

Kwenye maziko walijaa watu wa Hombolo nzima. Zamu ya marafiki ilipofika, Bartolomayo alisimama akiegemea fimbo yake.

"Nilikuwa naye anakufa," alisema. "Nimekaa naye tangu asubuhi. Sikusikia hata kuguna. Tulivyomjua akiwa na miaka kumi na miwili ndivyo alivyoondoka."

Watu waliguna kwa kuridhika. Abeli alikuwa anafuta machozi ya fahari. Na Loisi, aliyekuwa ameketi kwenye jamvi na wanawake, akainuka.

"Alilia," alisema. "Alilia kila siku. Alikuwa anakwenda shambani kulia, anajaza kofia mdomoni mtu asimsikie. Dawa ya kumtuliza ilikuwepo. Hakuinywa kwa sababu ya sifa hizi mnazompa."

Halafu shangazi wawili wakamkamata mikono, mmoja anamziba mdomo kwa kanga, na kwaya ikaanzisha wimbo bila kuambiwa. Abeli alimfuata baadaye akamwambia kwamba amemvua baba yake nguo kaburini, na kwamba kuanzia siku hiyo wasijuane. Loisi hakubisha. Aliona kweli amemvua, na aliona pia kwamba angemvua mapema, angekuwa amemsaidia.

Siku moja baada ya kuanua matanga, alikuwa nyuma ya nyumba anasugua masufuria ya msiba. Akamwona Bartolomayo anakuja kwa njia ya uani, polepole. Loisi alijiandaa kutukanwa. Kwa mazoea "shikamoo" ikamtoka mdomoni, mzee akaitikia, akabaki amesimama ameegemea ukuta.

"Ile dawa uliyoitaja mazikoni," alisema Bartolomayo. "Ilibaki?"

"Ilibaki karibu yote. Ni ya kurudishwa hospitali. Unaiulizia ya nini?"

Mzee aligeuka akatazama uani, akatazama njia aliyojia, akahakikisha.

"Nyonga," alisema. "Mwaka wa tatu huu. Inashuka na mguu mzima inawaka. Usiku nakaa kwenye kiti, kitanda nimekiacha. Siku ile hospitalini nilitamani yule binti aniulize mimi."

Loisi aliacha kusugua. Hakuelewa mara moja, kisha akaelewa.

"Siku ile aliyokufa," alisema. "Nilikwambia utupishe. Ulikaa karibu saa tatu."

"Nilishindwa kuinuka," alisema Bartolomayo. "Nilipokaa tu ikanibana. Ningeinuka ningeyumba, ningetoa sauti, naye ananitazama. Nikasema ngoja nimwongeleshe, ipoe, ndiyo nitoke vizuri."

"Na yeye alikuwa anangoja utoke anywe dawa."

"Sikujua."

"Na kama ningekwambia?"

"Ungeniambia," alisema mzee, akafikiri. "Nisingekusadiki."

Kuku walikuwa wanaparua ukoko wa ugali. Loisi alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kuua. Alichagua moja tu, kwa sababu alitaka kweli kulijua.

"Sasa leo mbona unasema? Mbona umeweza?"

"Leo nimwogope nani?" alisema Bartolomayo. "Tulikuwa wanane. Baba yako ndiye aliyekuwa amebaki."

Hakuisema kwa ukatili. Aliisema kama mtu aliyetua mzigo, na Loisi aliliona hilo usoni mwake, unafuu, siku sita tu baada ya kumzika baba yake. Alitaka kumfukuza. Badala yake aliingia ndani akatoka na kigoda, akakiweka chini mbele yake, kwa sababu ni mzee, na ni mgonjwa, na ndivyo alivyolelewa.

Bartolomayo alishuka taratibu, mkono mmoja ukutani. Katikati nyonga ikamkamata, akapiga ukelele mkubwa wa kuumwa, uliosikika mpaka barabarani, na hakujali hata kidogo nani ameusikia. Loisi alimchukia kwa ukelele ule kuliko kwa jambo lolote alilowahi kumfanyia.